Jinsi Mapafu ya Mtoto Yanavyojengwa Tumboni

Soma kwanza: Zaburi 139:13–16 na Mhubiri 3:1–3.

Ndugu msomaji, weka mkono wako juu ya kifua, kisha uvute pumzi polepole. Kifua kiliinuka, kikashuka, wala hukupata taabu. Mtoto anayezaliwa hana nafasi ya kujifunza kazi hiyo polepole. Muda wote alipokuwa tumboni hakuvuta hewa hata kidogo. Mapafu yake yalijaa maji, na oksijeni ilimfikia kutoka katika damu ya mama kwa njia ya kondo na kitovu. Mara anatoka, kitovu kinafungwa, na katika dakika ile ya kwanza sharti avute hewa mwenyewe.

Watoto wengi hulia kwa nguvu, na hatari imepita. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake pengine hulia kidogo, halafu huanza kuguna kila atoapo pumzi. Mbavu zinaingia ndani, pua inapanuka, midomo inageuka rangi. Huchoka, na pengine hafiki asubuhi ya tatu. Ndipo maneno huanza nyumbani. Mtoto hakuwa na jeraha, mama hakuanguka. Basi ni nani aliyemla? Jirani anatazamwa kwa jicho baya, shangazi anashitakiwa, na jamaa inagawanyika mbele ya kaburi dogo. Ndugu, hakuna aliyemla. Mapafu yake yalikuwa hayajamalizika kujengwa. Katika fundisho hili tutaona jinsi yanavyojengwa, maana anayeijua kazi hiyo atajua pia vitu vinavyoiharibu, na vingine katika hivyo twaweza kuvizuia.

FUNDI HUVUNJA UKUTA

Mtoto akiwa na majuma manne tu tangu kutungwa, naye ni mdogo kuliko punje ya mahindi, chipukizi hutokea mbele ya bomba lake la chakula. Chipukizi hilo hugawanyika mawili, moja kuume na moja kushoto. Kila moja hugawanyika tena, na tena, kama matawi ya mwembe, hata kufika juma la 17 hivi njia kubwa za hewa zimekwisha kupata mahali pake. Kisha ncha za matawi hupanuka, kuta zake huwa nyembamba, na mishipa midogo ya damu husogea karibu nazo. Tangu juma la 24 au la 26 ncha hizo huanza kuwa vifuko vidogo. Baadaye kila kifuko hugawanywa ndani kwa kuta nyingine, kama mtu anayekata chumba kimoja kuwa vyumba vinne. Kazi hii ya mwisho haimaliziki tumboni. Mtoto huendelea nayo katika miaka ya kwanza ya maisha yake. Wewe msomaji, kama u mtu mzima, unavyo vifuko vya hewa milioni 300 au zaidi.

Sasa fikiri jambo moja. Chipukizi lile halikui mahali patupu. Limezungukwa na nyama laini, na nyama hiyo imeshikwa na wavu wa nyuzi za protini. Nyuzi nyingine ni ngumu kama fito za ukuta, nazo huitwa kolajeni. Nyingine huvutika na kurudi kama mpira, nazo huitwa elastini. Tena chini ya kila tawi imetandikwa ngozi nyembamba sana ya protini, kama mkeka. Tawi jipya litapita wapi? Ukitaka kuongeza chumba katika nyumba yako ya udongo, huanzi kwa kukandika. Kwanza sharti ukate fito na kuvunja ukuta mahali pa mlango. Kuvunja huko si uharibifu, ni sehemu ya kujenga. Mhubiri alizitaja kazi hizo mbili katika mstari mmoja, nasi twaziona pamoja katika kifua cha mtoto.

Wavunjaji wa ndani ya mwili huitwa vimeng'enya. Wauguzi wengine husema enzimu. Kimeng'enya ni kitu kidogo mno kinachofanywa na chembe za mwili, nacho hurudia kazi moja bila kuchoka: hugusa kitu, hukikata, hukiacha, hugusa kingine. Wamama wengi wamekwisha kukitumia ingawa hawakujua jina lake. Ukiwa na nyama ya ng'ombe mzee, ukaifunga ndani ya majani ya papai kabla ya kuipika, nyama hulainika. Utomvu wa papai una kimeng'enya cha kukata protini, nacho kimezikata nyuzi za nyama ile. Ndani ya tumbo lako wewe viko vingine vinavyokata nyama na maharage uliyokula jana. Na ndani ya mapafu ya mtoto asiyezaliwa bado viko vile vinavyokata kolajeni na ule mkeka wa chini ya matawi.

Hapo mama mmoja atauliza: Basi mwenye mimba asile papai? Papai lililoiva ni chakula kizuri, na ale. Kimeng'enya chake hakifiki kwa mtoto. Tumbo la mama hukivunja kama protini nyingine. Lakini asinywe utomvu wa papai wala dawa iliyochemshwa kwa mizizi na majani yake.

Wataalamu wamevipa vimeng'enya vya mapafu majina ya herufi na namba. Jamii moja kubwa huitwa MMP. MMP-2 na MMP-9 hukata mkeka ule mwembamba, nazo zimeonekana katika mapafu ya watoto wa binadamu kabla ya kuzaliwa. MMP-14 hukaa juu ya ngozi ya chembe na kuiamsha MMP-2. Huna haja ya kuyashika majina haya kwa moyo. Lakini sikia jambo lililoonekana kwa panya. Watoto wa panya waliozaliwa bila MMP-14, vifuko vya mapafu yao havikugawanyika vema. Vilibaki vikubwa na vichache, kama nyumba ambayo fundi aliogopa kuvunja ukuta.

PANGA NDANI YA ALA

Kitu kiwezacho kukata protini ni hatari, maana mwili wote wa mtoto umejengwa kwa protini. Kwa hiyo Muumba hakuliacha panga wazi. Vimeng'enya hivi hutoka katika chembe vikiwa vimelala, na kifuniko juu yao, kama panga ndani ya ala. Kifuniko huondolewa mahali pa kazi, ndipo huanza kukata. Tena wako walinzi. Walinzi nao ni protini, na kazi yao ni kumshika mvunjaji na kumfunga mikono. Walinzi waitwao TIMP huzifunga MMP. Mlinzi mwingine hutengenezwa hasa katika ini na kuzunguka ndani ya damu. Jina lake alfa-1 antitripsini, naye hukizuia kimeng'enya kikali kinachokata elastini. Mshike huyu akilini, tutamrudia.

Mtu anayefungua njia katika msitu wa Ituri hukata pale tu anapopita. Akikata ovyo pande zote, hapati njia, anapata uwanja. Ndivyo ilivyo ndani ya mapafu. Wavunjaji wakipungua, matawi hayapiti. Walinzi wakipungua, kuta za vifuko huliwa. Tumboni, mama akiwa na afya, kipimo chao ni sawa.

Vimeng'enya vina kazi nyingine, nayo huamua uhai wa mtoto siku ya kuzaliwa. Kifuko cha hewa kimelowa maji ndani. Chukua vipande viwili vya jani la mgomba, uvilowe maji na kuvibandika pamoja. Utaona ni taabu kuvitenganisha. Vivyo hivyo kuta za kifuko hushikamana kila mtoto atoapo pumzi, na pumzi inayofuata sharti izibandue tena. Mtoto aliyetimiza siku zake hana taabu hiyo, kwa sababu chembe za mapafu yake hutoa mafuta yenye nguvu kama ya sabuni, yanayozuia kuta zisishikamane. Mafuta haya huanza kutengenezwa karibu na juma la 24, na kwa watoto wengi huwa ya kutosha karibu na juma la 35.

Ndani ya mafuta hayo imo protini moja fupi isiyoweza kukosekana. Chembe haiifanyi fupi. Huifanya ndefu, kisha vimeng'enya huikata huku na huku, kama seremala apunguzaye ubao hata uingie mahali pake. Isipokatwa haifai kitu. Wako watoto wachache sana duniani wanaozaliwa bila uwezo wa kuifanya protini hii, nao hupata shida kubwa ya kupumua hata kama wametimiza miezi tisa kamili.

Labda umewasikia wazee wakisema kwamba mtoto wa miezi saba huishi lakini wa miezi minane hufa. Si kweli. Mtoto wa miezi minane ana vifuko vingi zaidi na mafuta mengi zaidi kuliko yule wa miezi saba, na kila juma linaloongezwa tumboni ni faida kwake. Msemo huu ni wa hatari, maana mama mwenye uchungu katika mwezi wa saba hukaa nyumbani akitumaini, hali yeye ndiye angepaswa kupelekwa hospitali upesi kuliko wote.

Katika miaka ya 1950, Daktari Carl Becker alipokuwa akiwatibu wagonjwa Oicha, madaktari wa nchi zote walikuwa wakiwaona watoto hawa wakifa nao hawakuelewa vema sababu. Mwaka 1959, huko Boston, Marekani, Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa hivyo yalipungukiwa na mafuta yale. Lakini kujua hakukuwa bado kuponya. Mwezi wa Agosti 1963 Rais John Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa zaidi ya majuma matano kabla ya siku zake. Baba alikuwa mtawala wa taifa kubwa, na madaktari hodari waliitwa. Mtoto alikufa baada ya siku mbili kwa ugonjwa huu huu. Ningependa mama aliyempoteza mtoto wake hivyo alikumbuke jambo hili wakati jirani wanapoanza kunong'ona.

UGONJWA UKIINGIA

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Hubeba ndani yao kile kimeng'enya kikali kinachokata elastini, ili wakitumie juu ya vijidudu. Katika kidonda cha mguu kazi yao ni njema. Lakini vijidudu vikipanda mpaka katika nyumba ya mtoto, kwa ugonjwa wa mkojo usiotibiwa, au ugonjwa wa zinaa, au kwa sababu maji yalitoka mapema, askari huja kwa wingi na kumwaga vimeng'enya vyao mahali ambapo kazi ya ujenzi ingali inaendelea.

Madhara ni mawili. Chupa ya maji ambayo mtoto hukaa ndani yake imefumwa kwa kolajeni. Vimeng'enya huilegeza, nayo hupasuka kabla ya wakati wake. Ndiyo maana mama aliyekuwa na maumivu ya mkojo mwezi wa sita pengine hupoteza maji mwezi wa saba. Kisha mtoto huzaliwa na mapafu machanga yaliyojaa wavunjaji, hali walinzi wake ni wachache, maana mtoto wa kabla ya siku ana alfa-1 antitripsini kidogo kuliko yule aliyetimiza. Kuta za vifuko ambazo zilikuwa zikianza kugawanywa huharibika. Akiishi, aweza kuwa na shida ya pumzi kwa miezi mingi, hata miaka.

Malaria hupita njia nyingine. Vijidudu vyake hujificha ndani ya kondo, mtoto hapati chakula cha kutosha, na mara nyingi huzaliwa mdogo au mapema. Mama aweza kuwa nayo bila homa kali, kwa hiyo asiseme, "Mimi ni mzima, sina haja ya dawa." Tumbako nayo ni adui wa namna yake. Moshi wake humharibu yule mlinzi alfa-1 antitripsini ndani ya mapafu ya mvutaji, na sumu yake hupita katika damu ya mama hata kwa mtoto. Ndugu mume, ukivuta ndani ya nyumba, mke wako anavuta pamoja nawe. Na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha haufai kwa mwenye mimba. Nawajua wamama wa kambini ambao hawana jiko lingine, lakini hata kuyasogeza mafiga nje ya turubai ni msaada.

KAZI YETU

Kwanza, ujue tarehe ya hedhi yako ya mwisho, uiandike katika kikaratasi au umwambie mume wako aiandike. Muuguzi asipojua mimba ina majuma mangapi, hawezi kujua mapafu yamefika wapi. Nenda ukapimwe mimba mapema, si mwezi wa nane. Huko utapimwa mkojo na damu, utapewa chandarua, na tangu mwezi wa nne utapewa vidonge vya kuzuia malaria kwa nyakati zake. Ukisikia maumivu ukikojoa, au uchafu wenye harufu mbaya, sema bila haya. Muuguzi amesikia mambo hayo mara nyingi. Usinywe dawa za miti za kuharakisha uchungu, wala usimwombe mtu akuzalishe kabla ya siku kwa sababu umechoka au kwa sababu ya safari. Kuna wakati daktari mwenyewe ataona lazima ya kumtoa mtoto mapema ili kuokoa mama. Hiyo ni hesabu yake, naye anajua analolihesabu.

Maji yakitoka kabla ya siku, au uchungu ukianza, au damu ikionekana, au ukipata homa, usingoje kesho. Kama unakaa Bunia, enda Hospitali Kuu au CME. Kama uko Nyankunde, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1965 iko karibu nawe. Anayekaa Kasenyi, Komanda au Mongbwalu aende kwanza kituo cha afya, apate neno la kumpeleka mbele, maana njia ni ndefu na si kila siku ni salama. Ombeni njiani, lakini safari ianze.

Haraka hii ina sababu. Iko dawa ya sindano ambayo mama huchomwa kabla ya kuzaa, nayo hupita mpaka kwa mtoto, huhimiza mafuta ya mapafu na kuzifanya kuta za vifuko kuwa nyembamba. Liggins na Howie wa New Zealand walitangaza matokeo yake kwa wamama mwaka 1972. Moja ya dawa hizo huitwa deksametasoni, sindano nne, moja kila saa 12. Inahitaji saa nyingi kufanya kazi. Mama anayefika wakati kichwa kinatokea amechelewa. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Katika watoto 100 ambao mama zao hawakupata dawa, 23 au 24 walikufa katika majuma manne ya kwanza. Kwa waliopata, walikufa 20. Ni kusema katika kila wamama 25 waliochomwa, mtoto mmoja zaidi alibaki hai.

Lakini usiinunue dawa hii sokoni. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2015, ambao Kenya na Zambia pia zilikuwamo, ulionyesha kwamba pale ilipotolewa kwa wingi, wakati majuma hayajulikani vema na matunzo ya watoto ni haba, wamama walipata vijidudu zaidi na watoto hawakuokoka zaidi. Tena kwa wanyama imeonekana kwamba ikizidi huzuia ule ugawaji wa vifuko. Panga lile hutiwa ndani ya ala kabla kazi haijaisha. Kwa hiyo daktari akikuambia mara moja yatosha, usimdhanie kuwa mchoyo.

Mtoto mdogo akiisha kuzaliwa, baridi ni adui yake wa karibu. Bunia iko juu, zaidi ya meta 1,200, na usiku wake si wa joto. Mtoto aliyepata baridi hutumia oksijeni nyingi ili kujipasha moto, na oksijeni ndiyo anayokosa. Kwa hiyo wauguzi watamweka uchi, akiwa na kofia na nepi tu, katikati ya maziwa ya mama, ngozi juu ya ngozi, na kuwafunga pamoja kwa kitenge. Bibi wengine hulalamika kwamba si heshima kumvisha mtoto hivyo. Waambiwe kwamba mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India. Watoto wadogo waliowekwa kifuani tangu saa za kwanza walikufa 12 katika 100. Waliongojeshwa mpaka wapate nguvu walikufa karibu 16.

Afungwe hivyo mchana na usiku, akinyonya au akipewa maziwa ya mama kwa kikombe kidogo. Tazama kifua chake mara kwa mara. Akiguna, mbavu zikiingia ndani, akipumua mbio kupita mara 60 kwa dakika moja, au ulimi ukigeuka rangi, mwite muuguzi saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Na mama akienda kuoga au kulala, baba avue shati, amchukue mtoto kifuani pake. Joto la baba linafaa vilevile.